Wadudu nao wapewe nafasi gazetini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe waandishi wa habari za mazingira wasiishie kwa sokwe wa Gombe, bali watuandikie na wadudu. Katika visiwa vya Galápagos, mbali na pwani ya Ekwado, yuko nondo aitwaye Utetheisa galapagensis, asiyepatikana kwingineko duniani. Jamaa zake wengi wa bara wana rangi kali zinazowaonya ndege kwamba mlo huo ni mchungu, lakini yeye rangi zake zimefifia, naye huruka usiku.

Afrika tunaye ndugu yake, Utetheisa pulchella, mwenye mabawa meupe yaliyojaa madoa mekundu na meusi. Kiwavi wake hula, miongoni mwa mimea mingine, jamii ya marejea, mmea ambao wakulima huupanda kurutubisha udongo. Sumu ya mmea huo huihifadhi mwilini, nayo huendelea kumlinda hata akishaota mabawa. (Anayekuta majani yametobolewa asikimbilie bomba la dawa kabla ya kumtazama mlaji.)

Wapo watakaouliza nondo wa Galápagos anawahusu nini watu wa Kigoma. Migebuka tunaowala hapa nao ni wa Ziwa Tanganyika tu, na kiumbe wa mahali pamoja akitoweka hapo, hakuna kwingine pa kumtafuta.

Mkianza, tafadhali chapeni picha za rangi, maana nondo huyu wa kwetu akichapwa kwa wino mweusi haonyeshi lolote.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma