Rimu za kiwandani zitunzwe, zisiuzwe kwa pupa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaambie wenye magari ya spoti wa Malindi, pamoja na mafundi wanaowahudumia, jambo moja ninaloliamini kwa dhati: rimu ya aloi, yaani ya alumini iliyochanganywa na madini mengine, iliyotoka na gari kiwandani, hata ikiwa imechubuka na kuliwa na chumvi, mara nyingi ni bora kuliko rimu mpya ya kuiga, na inastahili kurudishiwa sura yake kwa kazi ya uangalifu kabla mwenyewe hajafikiria kuivua na kuiuza. Nasema mara nyingi kwa makusudi, kwa sababu zipo rimu zisizofaa kurudi barabarani kabisa, na nitazieleza.

Pwani yetu haina huruma kwa aloi. Msimu wa kusi, gari lililolala usiku mmoja karibu na bahari, upande wa Silversands au kando ya barabara ya Casuarina, hukutwa asubuhi limefunikwa na utando wa chumvi unaonata. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma, na pengine ndiyo sababu watu huidhania salama. Inapopata mkwaruzo mdogo wa ukingo wa barabara, chumvi hupenya chini ya rangi na kutambaa humo, ikiacha michirizi myeupe mithili ya njia za mchwa. Rimu zinazoumia upesi zaidi ni zile ambazo uso wake umekerezwa kwa mashine ukang'aa kisha ukapakwa vanishi peke yake, kwa kuwa chini ya vanishi hiyo hakuna rangi ya msingi ya kuilinda alumini. Rimu za namna hiyo zinapendeza sana, lakini kwa mtu anayeishi hatua chache kutoka ufuoni, mimi humshauri kwamba zitakapofika wakati wa kurekebishwa zipakwe rangi kamili, hata kama sura ya awali itabadilika kidogo. Kuzikereza tena na tena hakuwezekani, maana kila mara mashine hula sehemu ya chuma chenyewe.

Mwenye gari akiiona michirizi hiyo hudhani rimu imekufa. Hapo ndipo huambiwa na muuzaji kwamba dawa ni kupanda ukubwa, na gari lililokuja na rimu za inchi 17 linaondoka na za inchi 19. Nitoe mfano wa Toyota 86, gari ambalo vijana wengi wanalipenda. Lilipoingia sokoni mwaka 2012 matoleo yake mengi yalikuwa na tairi za 215/45R17, yaani upana wa milimita 215, ukuta wa asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17, na ukuta wa tairi hiyo, yaani mpira ulio kati ya rimu na barabara, una kimo cha milimita 97 hivi. Ukilivalisha tairi za 225/35R19, ukuta unabaki milimita 79. Hizo milimita 18 zilizopotea ndizo zilizokuwa zikipokea pigo la shimo na la tuta. Anayeijua barabara ya kutoka hapa kwenda Mombasa, yenye matuta kila kijiji, hahitaji kuelezwa pigo hilo sasa linakwenda wapi: linakwenda kwenye rimu, kisha kwenye beringi na vishikio vyote vya chini ya gari. Isitoshe, tairi hiyo kubwa ina kipenyo cha milimita 640 badala ya 625, kwa hiyo saa ya mwendo inaonyesha kasi pungufu kuliko ilivyokuwa ikionyesha awali kwa mwendo uleule.

Wazee wetu wanaokumbuka Datsun 240Z ikishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1971, na tena mwaka 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, watakumbuka pia kwamba gari hilo la spoti lilitoka kiwandani na rimu za inchi 14 na tairi zenye kuta nene. Sidai kwamba turudi huko. Naikumbusha tu historia hiyo kwa sababu imeenea dhana kwamba gari lenye rimu ndogo si gari la spoti.

Ukubwa, hata hivyo, ni kosa linaloonekana kwa macho, na mimi nahofia zaidi yale yasiyoonekana. Rimu mbili zinaweza kuwa na matundu matano ya boliti kila moja na zisioane. Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004 ina matundu yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100, ilhali ile ya mwaka 2005, ambayo mtu asiye na uzoefu hawezi kuitofautisha nayo barabarani, ina duara la milimita 114.3. Hapo angalau rimu inakataa kuingia, na fundi anarudi nyuma. Hatari iko pale inapokaribia kuingia. Rimu za magari ya Kijerumani zenye duara la milimita 112 zinaweza kulazimishwa kwenye gari la Kijapani la 114.3, kwa sababu tofauti kwa kila boliti ni zaidi kidogo ya milimita moja, na fundi mwenye nguvu huikaza akaona imekaa. Haijakaa. Boliti zimepinda kidogo, nati zimeegemea upande mmoja wa tundu, na kila mzunguko wa gurudumu unazilegeza.

Nati zenyewe zina mambo yake, na hapa naomba mafundi wenzangu wanisome kwa makini. Magari mengi ya Toyota hutumia nati za milimita 12 zenye hatua ya uzi, yaani umbali wa jino moja la uzi hadi linalofuata, ya milimita 1.5. Toyota 86 ilitengenezwa na Subaru, kwa hiyo hatua ya uzi wake ni milimita 1.25. Fundi anayechukua nati kutoka kwenye kopo la Toyota na kuzisukuma kwa mashine ya upepo ataona zinaingia kwa ukaidi, atadhani ni uchafu, na atakuwa ameharibu uzi wa boliti zote tano. Kisha kuna kikalio cha nati, yaani mahali nati inapokaa kwenye rimu: rimu nyingi za dukani zinataka nati yenye mdomo uliochongoka kama pia, Honda hutoka kiwandani na nati zenye mdomo wa mviringo kama mpira, na rimu nyingi za aloi za Toyota hutumia nati yenye shina na washa bapa. Ukichanganya, eneo linalogusana hubaki mstari mwembamba, na nguvu uliyokaza nayo haishiki.

Tundu la katikati nalo lisisahauliwe. Kitovu cha Toyota 86, yaani kichwa cha ekseli kinachoingia katika tundu hilo, kina kipenyo cha milimita 56.1, na rimu za Toyota nyingi zina tundu la milimita 60.1. Bila pete ya kujaza nafasi hiyo gurudumu halijipangi katikati, usukani hutetemeka gari linapochanganya, na mwenyewe huzunguka kwa mafundi akibalansi tairi ambazo hazina kosa lolote. Pete hiyo ni kitu cha bei ndogo mno. Halafu kuna umbali wa uso unaokaa kwenye kitovu kutoka katikati ya upana wa rimu. Wa kiwandani kwa gari hilo ni milimita 48, na anayeweka rimu ya upana uleule yenye umbali wa milimita 30 amelitoa gurudumu nje kwa milimita 18. Gari huonekana limejitanua, jambo ambalo wengi hulipenda, lakini beringi hubeba mzigo kwa namna ambayo haikukusudiwa.

Sasa nije kwenye kazi ya kurekebisha, ambayo ndiyo kazi yangu na ndiyo iliyonifanya niandike. Nimeletewa kwenye mashine yangu ya kukereza rimu nzuri za kiwandani zilizoharibiwa na mikono iliyotaka kuzisaidia. Moja ilikuwa na ufa kwenye mkono wa rimu, yaani mmoja wa mihimili inayounganisha katikati yake na ukingo, na gereji fulani iliuchomelea, ikasaga juu, ikapaka rangi, na ikamrudishia mwenyewe kwa fahari. Ufa mpya ulikuwa umeanza pembeni ya ule mchomeleo. Sababu inajulikana. Rimu nyingi za kusubu, yaani za kumiminwa zikiwa uji katika kalibu, zimetengenezwa kwa alumini iliyochanganywa na silikoni na magnesiamu kidogo, na nguvu yake haitokani na mchanganyiko pekee: hupashwa moto hadi karibu nyuzi 540 za Selsiasi kwa saa kadhaa, huzimwa ghafla, kisha huokwa tena kwa joto dogo zaidi hadi igangamale. Mwali wa kuchomelea unafuta matibabu hayo pale unapopita, na karakana ya mtaani haina tanuri la kuyarudisha. Alumini pia haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma kinavyofanya, kwa hiyo fundi anayenyoosha rimu kwa kuipasha mwali hana dalili ya machoni ya kumwambia kwamba amepita kiasi. Pembe ya nje iliyochubuka juujuu inaweza kujazwa kwa mashine ya kuchomelea ya gesi ya agoni na mtu anayeijua kazi, nami sina ugomvi naye. Rimu yenye ufa kwenye mkono, au kuzunguka matundu ya nati, iende ikayeyushwe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukagua kabla ya kupaka chochote. Tairi ivuliwe, rimu ioshwe kwa maji baridi na sabuni, izungushwe kwenye mashine ionekane kama imepinda, na ipakwe ile dawa nyekundu inayopenya kwenye nyufa, ambayo ikifutwa na kupuliziwa unga mweupe huchora ufa usioonekana kwa jicho. Rangi ya zamani itolewe kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini. Kostiki soda, ile inayotumika kutengenezea sabuni, inaila alumini yenyewe na kutoa gesi inayoshika moto, na inanisikitisha kwamba bado inatumika kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Baada ya hapo hufuata msasa, rangi ya msingi, na rangi ya juu. Wanaotumia rangi ya unga huiokea kwenye tanuri kwa nyuzi 180 hadi 200 kwa muda wa dakika 20 hivi, na wakiufuata muda huo mara moja rimu haidhuriki. Anayeisahau tanurini kwa saa nyingi, au anayeipaka na kuiokea kila mwaka kwa kubadilisha fasheni, anaipunguzia ugumu wake polepole.

Sehemu mbili zisipakwe rangi nene: uso wa nyuma unaokutana na kitovu, na vikalio vya nati. Rangi iliyobanwa hapo husinyaa baada ya safari chache, na nati iliyokazwa vizuri hujikuta imelegea bila mtu kuigusa. Ukingo unaokaliwa na tairi, kinyume chake, wengi huusahau kwa kuwa hauonekani, ilhali huko ndiko chumvi hufanya shimo shimo ndogo zinazovujisha upepo kidogo kidogo. Fundi wa pancha hushauri kutia tyubu. Badala yake, usafishe ukingo huo, uupake rangi nyembamba, na tairi litashika. Omba pia vyuma vya kubalansia vya kubandikwa kwa ndani, kwa maana vile vya kugongomewa pembeni huvunja rangi mpya siku ileile.

Wakati wa kufunga, nati zikazwe kwa mkono kwanza, kwa mpangilio wa nyota, kisha kwa spana ya kupimia nguvu. Toyota 86 inataka nyutoni-mita 120, na kila gari lina kipimo chake katika kitabu chake. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena. Mashine ya upepo ina kazi yake ya kufungua, na nisingependa kuisikia ikikamilisha kazi ya kukaza.

Sipingi kubadilisha rimu. Mtu anaweza kupata rimu bora na nyepesi kuliko za kiwandani, na gari la spoti lenye gurudumu jepesi hufuata barabara vizuri zaidi. Aangalie alama ya JWL iliyosubiwa kwenye chuma, ambayo kwa kiwango cha Japani ina maana kwamba muundo huo umepimwa kwa kupindwa huku ukizunguka, kwa kubebeshwa mzigo ukiviringika, na kwa kugongwa. Aangalie pia kama kuna alama ya VIA, yaani matokeo hayo yamethibitishwa na shirika jingine lisilo mtengenezaji. Alama nazo huigwa, ndiyo maana ni vyema kujua rimu imetoka kwa nani. Na hata akinunua, asiuze zile za kwanza. Azisafishe, azikaushe, azifunike mbali na upepo wa bahari.

Ombi langu kwa wauzaji wa Malindi ni dogo. Kila rimu inayowekwa dukani ibandikwe karatasi yenye duara la matundu, tundu la katikati, upana, umbali wa uso wa kitovu, na aina ya nati inayoitaka, ili mnunuzi alinganishe na gari lake kabla ya kutoa fedha. Na vyuo vya ufundi vya kaunti, vinavyowafundisha vijana wetu kuchomelea chuma, viongeze somo la alumini, kwa vitendo, pamoja na ile dawa nyekundu ya kutafutia nyufa. Karakana yangu iko tayari kutoa rimu zilizokataliwa ili wanafunzi wajifunzie kwazo.

Wako mwaminifu,
Mkereza vyuma,
Barani, Malindi