Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Takwimu: katika sensa ijayo tuulizeni lugha

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Asalaam aleikum. Nakuandikia kutoka Langoni, mjini Lamu, na siombi kazi. Kazi ya sensa niliifanya zamani, usiku wa Agosti 24 kuamkia 25 mwaka 2009, nikiwa karani katika vichochoro hivi hivi ninavyoviona kutoka dakani kwangu. Zilikuwa siku za mwanzo za Ramadhani. Watu walikuwa wakitoka tarawehe, kila nyumba ina kahawa na kaimati, na nilipofika nyumba ya nne nilikuwa nimeshiba kuliko karani anavyofaa kushiba.

Kiapo cha kutunza siri nilikila, kwa hiyo jina la mtu hutalipata hapa. Lakini kuna nyumba moja siisahau.

Bi mkubwa alikuwa amekaa juu ya mbuzi, akikuna nazi ya daku. Maswali ya umri na ndoa tuliyamaliza upesi. Nikauliza dini. Akanitazama juu hadi chini. "Na huko msikitini nitokako, wadhani nilikwenda kutembea?" Nikaandika Uislamu. Kisha nikauliza kabila, na mbuzi ikanyamaza. "Andika Mwamu." Yaani mtu wa Lamu. Mwanawe akadakia kutoka ndani: "Mama, sema Mswahili, Mwamu Nairobi hawamjui." Mkaza-mwana, mtu wa Faza, kisiwa cha Pate, akasema yeye ni Mbajuni na asitiwe mahali pengine. Watoto je? Watoto wana babu aliyetoka Hadhramaut, Uarabuni, na hapo pakazuka mjadala ambao nusura unipitishie daku.

Mjadala wote ule ulikuwa kwa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, hata maneno ya yule mke wa Faza. Kabila tatu na ushei ndani ya nyumba moja, lugha moja. Niliandika kila kitu walichonambia isipokuwa hicho, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kukiandika. Mwaka 2019 makarani walikuja na vishikwambi badala ya karatasi. Wakauliza kabila, wakauliza dini, na lugha haikuulizwa tena.

Sasa tazama matokeo yanavyosomeka. Sensa ya 2009 ilihesabu Waswahili 110,614. Ya 2019 ikahesabu 56,074. Nimewasikia watu wazima, wenye elimu zao, wakisema Waswahili wanakwisha, wamepungua nusu kwa miaka 10. Hakuna aliyepungua. Mwaka 2009 Wabajuni walikuwa ndani ya kapu la Waswahili, pamoja na Wapate, Wasiu, Wavumba na wengineo. Mwaka 2019 Wabajuni wakatolewa wakapewa mstari wao, watu 91,422. Ukiwarudisha kapuni unapata 147,496, yaani tumeongezeka kama wenzetu wote walivyoongezeka. Lakini hata hiyo 147,496 haituambii ni wangapi wamezaliwa na Kiswahili mdomoni. Inatuambia tu walijibu nini walipoulizwa kabila.

Na jibu la kabila huku pwani, Mheshimiwa, halijawahi kuwa jepesi. Zama za mkoloni, kuandikwa Mwarabu au kuandikwa mwenyeji kulikuwa na tofauti ya kodi, na wakati wa vita vya pili kukawa na tofauti ya mgao wa chakula. Wazee wetu walijifunza kupima swali kabla ya kulijibu. Hatujaacha. Wamakonde wa Kwale walisubiri hadi 2017 kutambuliwa kuwa kabila la Kenya, Wapemba wa Kilifi na Kwale hadi 2023. Kwa watu hao jina la kabila ni kitambulisho, na kitambulisho ni laini ya simu na leseni ya kuvulia samaki. Ndiyo maana siwezi kuwaunga mkono wanaotaka swali la kabila lifutwe kabisa kama walivyofanya jirani zetu Tanzania, ambao mara ya mwisho kuuliza kabila na dini katika sensa ilikuwa 1967. Kwao huenda limefaa. Hapa lingewafuta watu ambao ndio kwanza wameandikwa.

Ninachotaka ni mstari mmoja uongezwe: nyumbani mwasema lugha gani?

Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena kinaiamuru serikali ikuze na ilinde lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Utalindaje usichokihesabu? Nenda Mpeketoni, walikopewa mashamba watu wa bara tangu miaka ya 1970. Fomu itakwambia Wakikuyu. Kaa sokoni saa moja uwasikilize vijana waliozaliwa pale wanavyouziana nyanya, ndipo utajua fomu imekuficha nini. Nenda Mangai au Basuba kwa Waaweer, wale wanaoitwa pia Waboni. Kuhesabiwa Muaweer si sawa na kuwa na Kiaweer, kwa sababu wapo waliokwisha kuhamia Kibajuni na Kiswahili, na anayetaka kuandaa vitabu vya watoto wa kule anahitaji kuzijua hesabu zote mbili. Hata Kiamu chenyewe. Mjukuu wangu akisema "ndia", wenzake humwambia aseme "njia". Akisema "mato" badala ya "macho", humcheka. Mimi simlaumu anayecheka. Lakini ni watu elfu ngapi bado wanaosema "ndia", hakuna ofisi nchini inayoweza kunijibu.

Najua utasema fomu ni ndefu, na kila swali lina gharama. Ndefu ni kweli, nimeibeba. Lakini kwenye dini, mwaka 2019, Wakristo waligawiwa visanduku vya Wakatoliki, Waprotestanti, makanisa ya kiinjilisti, makanisa ya Kiafrika, Waorthodoksi na wengineo. Sisi Waislamu tulipewa kimoja, tukaingia humo watu 5,152,194. Sina ugomvi na hilo, tunatosha. Nasema tu kwamba fomu yenye nafasi ya kumuuliza mtu ni Mkristo wa kanisa gani haiwezi kukosa nafasi ya kumuuliza anamwimbia mwanawe kwa lugha gani.

Tukifuata miaka 10 yetu, sensa ijayo ni 2029. Kabla ya hapo mtafanya majaribio ya maswali, kama ilivyo ada. Leteni jaribio moja huku: mitaa miwili ya Langoni, kijiji kimoja cha Basuba, na upande mmoja wa Mpeketoni. Ruhusuni mtu ataje lugha mbili, maana nyumba nyingi zina mbili. Na orodha ya lugha mtakayompa karani iwe na Kiamu, Kipate, Kisiu na Kibajuni chini ya Kiswahili, ili mtu asilazimike kuchagua kati ya lugha ya taifa na lugha ya mamake.

Karani awe mtu wa hapa. Akija Ramadhani, kahawa ipo.

Wako,
Aliyekuwa karani wa sensa, Langoni, Lamu