Idi Mubarak kutoka Kibokoni, Mombasa: mwaka huu kaeni kidogo

Assalamu alaikum, ndugu na jamaa, majirani wa mtaa, na nyinyi mliohama mkatuachia funguo za nyumba zenu.

Mwezi umeandama. Redio ilikuwa bado inamngoja Kadhi Mkuu, lakini watoto wa kichochoroni kwetu hawana subira hiyo. Nimesikia kelele zao nikiwa huku juu orofani, nikajua usiku huu hakuna kuamshana daku. Taqabbala Allahu minna wa minkum. Mola atutakabalie funga zetu, hata zile tulizozifunga kwa usingizi na ukali, na atusamehe tulivyosukumana kwenye foleni ya viazi karai saa kumi na moja na nusu jioni.

Nawaandikia nimesimama jikoni, mkono mmoja una samli. Pembeni yangu pana sahani tatu ambazo si zangu. Mnajua zinavyofika. Ramadhani sahani hazilali: alasiri mtoto anabisha hodi, kitu kimefunikwa kawa, "mama amesema mfuturie hii", na keshoye unairudisha ukiwa umetia chako, maana sahani ya mtu hairudi tupu. Leo tambi, kesho kaimati, keshokutwa kipande cha mkate wa sinia bado kina joto. Ikifika ishirini na saba hesabu imeshapotea. Sahani mbili nitawabahatisha wenyewe. Ya tatu ndiyo inanishinda: ya bati, ina maua mekundu, ukingo umebanduka rangi, na chini mwenyewe ameandika herufi M kwa rangi ya kucha. Mtaani kwetu M ni nusu ya watu.

Hiyo ndiyo Ramadhani, chakula kinatembea na watu wamekaa. Idi mambo hugeuka. Watu ndio wanaotembea, tena mbio. Wanaume wakitoka kuswali, kanzu bado zina mikunjo ya pasi, mlango haufungwi mpaka usiku. "Idi Mubarak, hatukai, tuna nyumba nane." Mgeni anashika gilasi ya sharubati kwa ncha za vidole, katlesi moja anaifunga kwenye tishu, watoto wanasimama mstari wakingoja mkono wa Idi huku wanajifanya hawangoji, kisha tuktuk inapiga honi chini, wanakwenda zao Makadara kwenye pembea. Mwaka mmoja nilihesabu wageni thelathini na kitu, na sikumbuki nilichozungumza na hata mmoja wao. Nilikuwa nimepika siku mbili.

Nikaanza kutafuta chakula kinachomkalisha mtu. Sambusa hainisaidii, sambusa imeumbwa kwa safari. Pilau yangoja saa ya chakula cha mchana. Nilichokitafuta nilikikuta kwa wifi yangu, Nyali, miaka mitatu iliyopita: jibini la duara limeokwa zima, juu lina matunda na asali, limewekwa katikati ya sinia na vipande vya mkate vimelizunguka. Huwezi kulifunga kwenye tishu. Huwezi kulibeba. Lazima uinamie sinia moja na wenzako, uchovye, na ufanye hima kabla halijaganda. Tulikaa pale karibu saa nzima, na shemegi alituhadithia habari za safari yake ambazo mwaka mzima hatukuwa tumezisikia.

Jibini lenyewe ni lile laini lenye ngozi nyeupe, la aina ya Brie au Camembert. Ni majina ya Ufaransa: Brie ni eneo lililo mashariki ya Paris, na Camembert ni kijiji cha Normandy. Siku hizi yapo pia yanayotengenezwa hapa hapa Kenya. Ile ngozi nyeupe ni ukungu, naam, lakini ni ukungu uliopandwa makusudi, na ndio unaolilainisha jibini kutoka nje kuja ndani. Unaliwa. Na ndio siri ya upishi huu, kwa kuwa ndani linapoyeyuka ile ngozi hubaki imelishika kama kifuko.

Kumweleza hivyo mama mkubwa ni kazi nyingine. Alilitazama, akalibonyeza kwa kidole, akaniuliza, "Mwanangu, hiki wamekuuzia kimeoza?" Nikamwambia hata neno jibini tumelipata kwa Waarabu zamani, si kitu cha kuja jana. Akasema neno analijua, asichokijua ni hiyo manyoya yake.

Suali lake la pili lilikuwa zito zaidi, nami nashukuru aliuliza. Maziwa ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya, na cha asili hutolewa tumboni mwa ndama. Ndama huyo kachinjwa vipi? Wanazuoni wana kauli zaidi ya moja, nami si mtu wa kuamua. Ninachofanya ni kusoma karatasi dukani na kuchukua lile lililoandikwa kuwa kigandisho chake ni cha mimea au cha vijidudu, mjadala ukaishia hapo hapo. Nyumba yenye mja mzito pia iangalie jambo hili: jibini la namna hii bichi hukatazwa wajawazito kwa sababu ya bakteria wa listeria. Apewe lililopikwa mpaka likafuka mvuke hadi katikati, na ukiwa na shaka mpe tende na korosho, hatakulaumu.

Sasa aibu yangu. Mwaka wa kwanza nililipika kwa pupa ya kutaka kuonekana. Embe nililoweka lilikuwa ngowe limeiva hasa, la kufyonza, likatoa maji yote juu ya jibini. Na lilipotoka kwenye oveni sikulipa hata dakika moja. Nikatia kisu mbele ya wageni. Likafunguka kama bomba. Jibini likateremka kwenye sinia, likavuka ukingo, likaingia kwenye kitambaa cha meza cha mamangu, kile cheupe cha kufuma kinachotolewa Idi mbili kwa mwaka. Mama mkubwa akachovya mkate pale pale kwenye kitambaa, akaonja, akasema supu ni tamu.

Kwa hiyo nisikilizeni mimi niliyekwisha fedheheka. Jibini la gramu 250 latosha watu sita wa kuchovya. Embe liwe boribo gumu kidogo, nusu yake tu, likatwe vidogo kama kachumbari kisha likamuliwe ndimu. Tende saba au nane, zitolewe kokwa na kuchanwa. Kila nyumba ina tende saa hizi, zimebaki kwenye boksi la Ramadhani zimegandamana, wala hakuna haja ya kwenda kununua nyingine. Kiganja cha korosho zilizokaangwa na kupondwa nusunusu. Asali vijiko viwili, iliki mbili za kusaga, na pilipili manga kidogo, msiiogope, ndiyo inayouzuia utamu usichoshe. Tende, asali na viungo hivyo viteleke pamoja kwenye kisufuria kwa maji vijiko viwili, tende zilainike mpaka kijiko kikipita kinaacha njia. Embe usilipike. Liingie mwishoni kabisa, jibini likiwa limeshatoka kwenye oveni.

Wenzetu wengine hulifunga kwa unga wa tabaka wa kununua, wa baridi. Mimi hutumia manda, zile ngozi nyembamba za unga za kufungia sambusa. Nenda kwa yule mama anayekuuzia manda za sambusa, mwombe akuwekee zile za mviringo kabla hajazikata. Atakushangaa, kisha atakupa. Tandaza manda moja, ipake samli iliyoyeyuka, weka nyingine juu yake kwa mshazari, paka tena, mpaka ziwe tano. Weka jibini katikati likiwa baridi, limetoka kwenye friji sasa hivi, kwa maana likiwa na joto litapasuka kabla manda hazijapata rangi. Juu yake tandika nusu ya tende zako, kunja pembe zote zije juu, zibane kama unafunga fundo la leso, paka samli kwa nje. Oveni digrii 180, dakika ishirini na tano hivi. Tazama rangi, saa inadanganya. Zikiwa kama mkate wa mayai ulioiva vizuri, toa.

Kisha usiliguse. Dakika kumi. Hapo ndipo niliposhindwa, na ndipo wengi mtakaposhindwa, kwani litakuwa linanukia iliki na samli na kila mtu ameshasogea. Peleka kahawa kwanza. Wape watoto pesa zao. Dakika kumi zikitimia, mwaga juu tende zilizobaki na embe na korosho, ndipo ukate mdomo mdogo juu, si kupasua ubavuni, ili litoke taratibu. Kwa kuchovya, mimi hukata boflo la jana vijiti nikavianika kwenye oveni baada ya jibini kutoka. Mkate wa mofa pia unakubali. Mahamri nilijaribu, yakawa matamu juu ya matamu.

Asiye na oveni asikate tamaa. Mwaka jana umeme ulikatika mkesha wa Idi, nikakumbuka nyanya alivyokuwa akioka mkate wa sinia: sufuria jikoni pa makaa, kifuniko cha bati, makaa mengi yakapaliwa juu na machache tu chini. Nikalioka jibini hivyo hivyo, nikiinua kifuniko kwa koleo kila mara kama yeye. Lilitoka na harufu ya moshi ambayo oveni haina. Nililia kidogo, si kwa moshi. Hii ni Idi ya nne bila yeye, na bado nikipita chumbani kwake asubuhi ya Idi nanusa udi ambao hakuna aliyeuchoma.

Embe la mwaka huu nalo si la kudumu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hivyo Idi inatuzungukia misimu yote, na mtu akijaliwa miaka 33 hivi atakuwa ameisherehekea kila aina ya hewa. Mimi nikiwa mdogo Idi ilikuwa ya kusi, bahari chafu, na tulivaa sweta juu ya nguo mpya tukagombezwa kwa kuficha nguo zilizoshonwa kwa taabu. Sasa imetuangukia mwishoni mwa kaskazi, joto halina huruma, maembe ya mwisho yako Kongowea kabla ya masika. Miaka ikisogea jibini hili litabidi livae tunda jingine: nanasi, au tini kavu zilizorowekwa, au komamanga lililopukuchwa. Tende zitabaki pale pale, kila Ramadhani itazileta.

Kabla ya yote hayo, pishi ya chakula ya kila mtu itoke mapema. Zakatul fitri si ya kukumbukwa imamu akiwa juu ya mimbari, itoke kabla ya swala imfikie maskini naye apike asubuhi. Na tende chache tuzile nyumbani kabla ya kutoka kwenda kuswali, kwa witri, tatu au tano, kama ilivyo suna. Wale mnaotaka kuanza funga sita za Shawwal keshokutwa tu, Mungu awape nguvu. Mimi nitapumua wiki.

Waliotangulia Mola awarehemu. Walio hospitali awaponye. Walio Muscat, Jeddah, London na Toronto, wanaotuma sauti kwenye simu saa ambazo sisi tumelala, tumezisikia zote, na watoto wamezirudia mpaka betri ikaisha. Minal aidina wal faizina. Kila mwaka na nyinyi mko salama.

Kwangu mlango uko wazi Idi mosi kuanzia baada ya alasiri, joto likiwa limepungua na nyumba zenu nane mmeshazimaliza. Nitaoka majibini matatu, moja moja, la pili halitaingia kwenye oveni mpaka la kwanza liishe. Ngazi zetu mnazijua, ya nne kutoka chini inacheza, mshikeni mama mkubwa mkono. Ameshasema atakuja kula supu yake.

Na mwenye sahani ya maua mekundu, yenye M chini, njoo uichukue mwenyewe. Nitakutilia kaimati ndani ya kurudi nayo. Jibini utalila hapa hapa, ukiwa umekaa.