Barua kwa Rehema: mirija imezibwa na nini?

Dar es Salaam

Kwako Rehema,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatutesa. Shemeji hajambo? Na mama, mguu umepata nafuu?

Picha zako za HSG, zile za eksirei ya kizazi na mirija ya uzazi zinazopigwa kwa kuingiza dawa, nimezipitia zote pamoja na karatasi ya majibu. Umeuliza kama ununue ile dawa ya kuzibua mirija. Usinunue, wala usikubali upasuaji wa kuzibua kwa sasa. Majibu yamekwambia mirija imeziba. Hayajakwambia imezibwa na nini, na ukianza kutibu kabla ya kujua hilo utamaliza pesa bure.

Mara nyingi chanzo huwa klamidia au kisonono cha zamani. Hapo mrija huziba zaidi mwishoni, kwenye vile vidole vinavyopokea yai, ukajaa maji na kuvimba. Na kama dawa ya picha ingeishia kwenye pembe ya kizazi tu, ningekwambia urudie kipimo, maana misuli ya pale hukaza kwa maumivu na kuonekana kama imeziba kumbe haijaziba. Zako ni tofauti. Mrija una urefu wa sentimita 10 hadi 12. Wako umebanwa, ukapanuka, ukabanwa tena, kama shanga zilizotungwa, na ni pande zote mbili. Halafu tazama filamu ya kwanza kabisa, ile iliyopigwa kabla dawa haijaingizwa. Kuna vidoa vyeupe karibu na mirija. Hivyo ni chokaa, na chokaa haiji kwa wiki mbili. Mpangilio huu unanifanya niulizie TB ya mirija. Sijasema ndiyo TB, nasema lazima iulizwe.

Najua utasema hujawahi kukohoa. Haihitaji kikohozi. Bakteria huingia mapafuni, pengine miaka mingi nyuma, kinga ikavidhibiti vingi, lakini vichache vikasafiri na damu hadi kwenye mirija vikalala huko. Kwa kuwa vimepitia kwenye damu, hushika pande zote mbili. Picha ya kifua inaweza kuwa safi kabisa. Wengi hawana homa wala hawakondi; kinachowaleta hospitali ni kukosa mimba, au hedhi kupungua kama ulivyoniandikia. Miongoni mwa wanawake wenye TB ya via vya uzazi, karibu wote mirija imeguswa, lakini ukuta wa ndani wa kizazi huguswa kwa takriban nusu yao tu. Hiyo nusu iweke akilini.

Kipimo kinachofuata ni kuchukua kinyama kidogo kutoka ukuta wa ndani wa kizazi. Omba kifanyike siku chache kabla ya hedhi, siyo baada yake. Ukuta ule hubomoka kila mwezi, na vidonda vya TB vinahitaji muda kujitengeneza. Ukichukua mapema mno unapata nyama mpya isiyo na kitu. Kabla ya hapo pima mimba, hata kama huna tumaini nayo.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mambo huharibika. Kinyama kigawanywe kwenye vikopo viwili. Kimoja kina fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kinakwenda kwa mtaalamu wa kuangalia tishu kwa darubini. Kingine kina maji ya chumvi safi ya hospitali, bila fomalini hata tone, kinakwenda maabara ya TB kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB, na kuotesha, yaani kukuza bakteria maabara. Fomalini inaua bakteria, na kilichokufa hakioti. Mazoea ya theatre nyingi ni kutumbukiza kila kitu kwenye fomalini, kisha majibu yanarudi "hakuna TB" wakati haikupewa nafasi ya kuonekana. Mwambie daktari kabla hujapanda kitandani, na muulize nesi vikopo viko wapi. Usione haya. Cha maji ya chumvi kifike maabara siku ileile, kikichelewa kiwekwe kwenye ubaridi.

GeneXpert hujibu ndani ya saa chache, kuotesha huchukua hadi wiki 6 au 8. Ikitoka chanya, jambo limeisha, ni TB. Ikitoka hasi, haijaisha: bakteria kwenye via vya uzazi huwa wachache mno, na kumbuka ile nusu nyingine, ukuta wao wa kizazi hauna kitu. Hapo daktari wa wanawake atapendekeza kuchungulia tumbo kwa kamera, aone mirija kwa macho, apige rangi ya bluu kupitia kizazi na kuchukua kinyama palipo na vinundu.

Kwa vile ulikulia Shinyanga mkioga kwenye malambo, mkumbushe anayesoma tishu atafute pia mayai ya kichocho. Kichocho cha mkojo huweza kutupa mayai hadi kwenye mirija, nayo huacha makovu na chokaa. Mkojo wa kupima ukusanye kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai hutoka zaidi muda huo, ingawa kwa mtu mzima aliyeugua zamani mkojo unaweza kuwa safi. Dawa yake ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo. Kwa kilo zako 60 ni miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya 600, baada ya kula. Inaua minyoo, kovu inaliacha palepale.

Ikithibitika TB, dozi ni miezi 6: miwili ya dawa nne, kisha minne ya mbili, vidonge vya kila siku. Dawa hutolewa bure kwenye kliniki za TB. Utapimwa na VVU, ndiyo utaratibu. Mkojo utageuka rangi ya machungwa, usishtuke. Macho yakiwa ya njano, au ukaanza kuona ukungu na kuchanganya rangi, rudi kliniki siku hiyohiyo. Rifampicin, mojawapo ya dawa hizo, pia inapunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango.

Nikwambie na lisilopendeza. Dawa zitaponya ugonjwa, lakini mrija uliokwisha kukakamaa haurudi laini. Vinyweleo vya ndani vinavyosukuma yai vikishaungua havioti tena vya kutosha, hivyo hata mrija uliobaki wazi kidogo unaweza kukamata mimba njiani. Kuzibua mirija ya namna hii kwa upasuaji napinga waziwazi: matokeo ni duni, na hatari ya mimba kutunga nje ya kizazi inapanda. Njia yenye maana ni upandikizaji mimba, baada ya matibabu, na kwanza wakague kwa kamera kama ndani ya kizazi hakuna makovu. Mrija uliojaa maji hutolewa au kufungwa kabla, kwani maji yake yakirudi kizazini hupunguza uwezekano wa kupata mimba karibu nusu.

Hayo mengine uliyoyasoma usiku yasikunyime usingizi. Mrija kujipinda peke yake hutokea kwa takriban mwanamke mmoja kati ya milioni moja na nusu, na huja na maumivu ya ghafla usiyoweza kuyapuuza. Saratani ya mrija nayo ni adimu, na picha yako haionyeshi hivyo.

Shemeji amepima mbegu? Hujanitajia. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Haifai uchunguzwe wewe peke yako.

Na siku zikipitiliza wakati wowote kuanzia sasa, pima mkojo, kisha ultrasound wiki ya sita kuona mimba imekaa wapi. Maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu au bega kuuma, usingoje asubuhi.

Fomu ya maabara ukiijaza, nipigie picha pande zote mbili kabla hujaipeleka. Nataka kuona wameandika vikopo vingapi.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wako,
Zawadi