Mashine ikimwumiza mtu, izimwe

Ndugu Mhariri,

Nina miaka sita ya kupanga mbao katika kiwanda kimoja hapa Mafinga. Juni iliyopita, asubuhi ya baridi na ukungu mzito, mwenzetu alikatwa vidole viwili na msumeno wa dingdong, ile mashine ya kupasulia magogo. Haukuwa na kinga. Alikimbizwa hospitali kwa bodaboda, mkono umefungwa kanga yangu. Hazikupita dakika 20, msimamizi akamwaga maranda juu ya damu, akawasha mashine: "Haya jamani, gari linasubiri mzigo."

Mpaka leo jambo hilo linaninyima usingizi. Kijana aliyekuwa akimsukumia gogo, mdogo kabisa, mashine ikiwaka tu anatetemeka mikono. Wanamwita mwoga. Hakuna aliyemketisha akamwuliza, "Mdogo wangu, unaendeleaje?"

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, OSHA, wakala wa serikali wa kusimamia usalama kazini, wapo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo. Lakini fidia humfikia yule ambaye ajali yake imetolewa taarifa. Sisi vibarua tusio na mkataba wa maandishi, ajali zetu huishia kwenye soda na nauli ya kurudi nyumbani.

Naomba wakaguzi wafike na huku ndani misituni, si viwanda vya kando ya lami tu. Nanyi waajiri, mtu akiumia, zimeni mashine siku hiyo. Tukae, tunywe chai, tuzungumze, na kijana yule aambiwe kwamba kosa halikuwa lake.

Mama mpanga mbao,
Mafinga, Iringa