Nahodha mpya, kabla hatujakutana majini

Salaam ndugu yangu,

Kwanza hongera kwa usukani. Habari niliipata pale ufuoni kwa vijana wanaosafisha boti, wakaniambia umepewa ile boti na mnaingia mashindano ya uvuvi ya mwezi huu, na mi nimefurahi kwa moyo wote, maana miaka yote hiyo umekaa nyuma unafunga chambo, unashika lida, ile laini nene ya mwisho karibu na ndoano, unavuta sulisuli mpaka mikono inachanika, na kila aliyefanya kazi na wewe alijua kuna siku utapanda kule juu.

Sasa nimekaa nikuandikie kitu ambacho kwenye ile karatasi ya sheria utakayopewa usiku wa kuamkia mashindano hutakiona, au utaona robo yake tu. Karatasi itakwambia laini ya kilo ngapi, saa ya kuingiza laini majini na saa ya kutoa, pointi za kila samaki, na kwamba mgeni wako aliyelipa kuvua akishapigiwa, yaani samaki akishadaka, basi mtu mwengine asiguse rodi wala rili wala laini mpaka samaki aletwe au aachiwe, hiyo ni kanuni ya IGFA, kile chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, na we unaijua vizuri. Lakini boti nyingi zikikutana sehemu moja ambayo samaki wako, nani apite wapi na nani angoje, hapo hutapata maandishi mengi. Na ugomvi wote niliowahi kuuona wa mashindano ulianzia hapo, sijawahi kuona watu wakigombana kwa sababu ya uzani wa laini.

Kuna mgeni mmoja wa Uingereza alinieleza vile wao wanashindana kwenye mito na mabwawa yao: asubuhi watu wanapiga kura, namba inayokutokea ndo kigingi chako, unakaa hapo na kiti chako na masanduku yako mpaka wakati uishe, na jirani yuko kwenye kigingi chake hakusogelei. Nikaifikiria sana ile habari. Sisi hatuna kigingi. Samaki anatembea, mkondo unatembea, boti zinatembea, kwa hivyo ile haki ya mtu kukaa mahali pake huku kwetu inakuwa haki ya njia, yaani yale maji yaliyo mbele ya boti yake anayoyaendea na yale ya nyuma yenye lua zake, vile vyambo bandia anavyoburura. Hayo ni yake kwa wakati ule. Ukishika hilo mengine mengi utayajua mwenyewe hata nisipokuandikia.

Chukua pale nje ya mdomo wa mto Sabaki. Kaskazi ikianza na mvua za vuli zimenyesha huko bara, mto unamwaga maji ya udongo na yanasukumwa kusini kuelekea Malindi, halafu kule nje yanakutana na maji ya buluu unaona mstari kabisa, huku udongo huku bahari safi, na povu na majani na vijiti vimejipanga juu yake. Sulisuli anapenda kuwinda pale na kila nahodha anajua, kwa hivyo asubuhi ya mashindano unakuta boti zote zimefuata mstari mmoja mwembamba. Ustaarabu wa pale ni kwamba aliyefika kwanza ndo anachagua, apande kaskazini au ashuke kusini. We ukija ukakuta wenzako wanashuka, ingia nyuma yao ushuke nao, usiwapande uso kwa uso ati kwa sababu jua linakupiga machoni au mgeni wako anataka upande ule. Ukifika mwisho geukia nje, upande wa kilindi, zungusha mbali kabisa urudi kuingia nyuma ya wa mwisho.

Na ukipita nyuma ya mtu kumbuka lua yake ya mwisho kabisa inaweza kuwa mita 60 au 70 kutoka kwenye boti, na wengine wanaiweka mbali zaidi, we ukiwa na mwendo wa noti 7 au 8 hujui hata umeikata saa ngapi. Mi naacha kama mita 300 bahari ikiruhusu. Kumkata mtu mbele ndo kubaya zaidi ya vyote, kwa sababu anayekatwa nyuma anapoteza lua lakini anayekatwa mbele anapoteza samaki ambaye hata hajamuona, unapita na injini zako mbili unachafua maji yale aliyokuwa anayaendea na yeye anakuja kurambaza, yaani kuburura lua zake, mahali ambapo samaki washazama. Na hakuna mwamuzi atakayeona, ndo maana nasema jambo hili liko mikononi mwa nahodha peke yake.

Sasa mtu akipigiwa. Sulisuli we unajua wanakuja wengi kwa pamoja, wawili watatu wanainuka nyuma ya lua kwa mpigo, kwa hivyo boti moja ikisimama na samaki kila mmoja anajua hapo chini kuna wengine, na tamaa inakuja. Usiende. Sulisuli au nduaro anaweza kutoka na mamia ya mita za laini na hakwendi moja kwa moja, anageuka, anaruka upande huu laini bado iko upande ule, we unaona maji matupu kumbe laini ya mwenzako iko chini yako. Mwaka juzi mgeni wetu, mama mmoja wa makamo ambaye hakuwahi kushika nduaro maishani, alikuwa amepigana na samaki mpaka sasa tunamuona rangi, ikaja boti nyengine, sitaitaja, ikapita nyuma yetu na lua zake zote majini, laini ikaingia kwenye panga la injini yake ikakatika. Yule mama alikaa kwenye kiti kimya. Kilichoniuma zaidi ni yule samaki kwenda na ndoano mdomoni na laini yote ile anaiburura, wakati sisi tulikuwa na tagi mkononi, ile alama ya kumchoma samaki, tunangoja tumpige nayo tumwachie aende zake mzima. Na kwenye redio hakuna aliyesema hata neno moja, sio samahani, sio nini. Hilo nakuomba wewe usilifanye kamwe. Likitokea kwa bahati mbaya, maana bahari ni bahari, chukua redio saa ile ile useme ni mimi, halafu jioni mfuate yule mtu mwenyewe.

Ila aliye na samaki na yeye ana wajibu wake, watu wanasahau. Ukipigiwa sema kwenye redio, sema samaki anaelekea wapi, na kama unaweza mtoe nje ya mstari umpeleke kwenye maji yaliyo wazi ukapigane naye huko, usikae na samaki wako katikati ya njia ya watu ukataka bahari nzima isimame. Mwenye samaki anapishwa na yeye anatoka, ndo inakuwa sawa.

Kwenye miamba ya nje, mahali ambapo mnaacha boti ielee na chambo hai kutafuta kolekole na jodari, utaratibu ni kama foleni ya kisimani. Unaanza juu ya mkondo, unaelea mpaka umepita mwamba, unatoa laini, halafu unarudi kwa kuzunguka kwa mbali na kwa injini ya polepole mpaka nyuma ya yule wa mwisho. Kurudi kwa kukatiza juu ya mwamba ambao wenzako bado wanaelea juu yake, ati ni njia ya mkato, ni kuwafukuzia samaki. Na boti iliyotia nanga na inamwaga chambo cha kuvutia samaki, ule mkia wa chambo unaoteremka na mkondo ni wake wote, usijiweke chini yake ukavuna alichopanda yeye. Ndege wakipiga na jodari wako juu, kaa pembeni ya kundi, usiingie katikati, kundi likizama linazama kwenu nyote.

Haya, sasa nije kwenye lile ambalo ndo hasa limenifanya niandike.

Hao wote niliokutajia mpaka hapa ni washindani wenzako, wana boti kama yako, wana redio, wanaweza kukuteta jioni kwa mwenye boti na ukasikia. Lakini pale pale kwenye ule mwamba utamkuta mzee kwenye ngalawa amekaa na mshipi wake wa mkono, yeye hana namba ya mashindano wala redio, hajui kama leo ni siku ya kikombe, na nahodha wengi niliowaona, wazuri kabisa, wanaompisha mshindani mwenzao kwa heshima zote, wanapita karibu na yule mzee na wimbi la injini linamrusha mpaka maji yanaingia chomboni. Mi jambo hili linanichoma. We na mimi baba zetu walikaa kwenye vyombo vile.

Na hata ukiacha utu, sheria yenyewe iko upande wake. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, zile za 1972, zinasema wazi kwamba chombo kinachorambaza hakihesabiwi kuwa chombo kilicho kwenye uvuvi, kwa sababu unaweza kugeuka utakavyo. Kwa hivyo zile rodi zako zilizosimama hazikupi haki yoyote, we ni chombo cha injini tu. Kanuni ya 18 inakutaka umpishe mwenye tanga na umpishe mwenye nyavu ambazo zinamzuia kugeuka. Ngalawa inarudi na tanga lake, we ndo unageuka. Wavu wa jarife umetegwa na maboya yanaonekana, we ndo unazunguka, na usipite kati ya boya na boya ukidhani kamba iko chini sana. Maboya ya malema, ile mitego ya kusuka, vile vile, mtu anakaa siku nyingi anasuka lema moja, ukilipitia na panga hujamkatia kamba, umemkatia chakula cha nyumbani. Na wa mshipi aliyetia nanga yeye hawezi kukupisha hata akitaka, mpaka avute nanga na kwa mikono yake mwenyewe, basi punguza mwendo toka mbali, pita upande ambao mkondo hauteremshi laini yake, mpungie mkono. Wale hawasahau. Siku injini ikizima kule nje, wa kwanza kukufikia mara nyingi ni ngalawa.

Halafu jiulize ile miamba uliyonayo kwenye GPS ilijulikana vipi. Wazee ndo waliijua, kwa kupanga alama za nchi kavu, mti ule ukae juu ya kilima kile, na msikiti ukae huku, wakaonyesha mabaharia wa boti za kwanza, leo imekuwa namba kwenye kioo na tunaita ni zetu. Na kwa vile umehama boti nikwambie na hili, najua utaelewa: zile alama za boti uliyotoka, zile alizotafuta yule nahodha wako wa zamani kwa miaka, umeziona na ziko kichwani huwezi kuzitoa. Lakini siku ya mashindano usiende kukaa juu ya mwamba wake kabla yeye hajafika. Ukimkuta yuko, mwite kwenye redio umuulize kama unaweza kuingia foleni. Atakubali, namjua. Usipouliza ndo atakuona umeuza nyumba uliyolelewa.

Mgeni atakusumbua, hilo jiandae. Yeye amelipa na anaona boti nyengine imepigiwa, atakwambia nenda pale, nenda pale, mbona wale wanapata. Mweleze asubuhi kabla hamjavuka mlango wa mwamba kutoka nje, kwa upole, kwamba tutakwenda sehemu zenye watu na tutaingia kwa zamu yetu, na boti inayoheshimu wengine inapishwa ikipata samaki wake. Wengi wanaelewa ukiwaambia mapema, hasa wale wavuvi wa kweli, na asiyeelewa bado usukani umeushika wewe, boti inaweza kuwa ya tajiri lakini jina linalotajwa kwenye redio ni lako. Na mkitoka asubuhi wote mko mbio, pale ndani bado kuna watu wanatoka na mitumbwi na kuna wanaoogelea, kaa polepole mpaka mmetoka nje, hizo dakika chache hazijawahi kumpa mtu kikombe.

Chaneli 16 iache ya dharura, maneno yetu tuyapeleke kwenye chaneli watakayotangaza. Na nisikuulize uko wapi ukanidanganya, kama hutaki kusema sema tu niko nje nafanya kazi, inatosha, lakini mahali pa uongo kwenye redio siku mtu ana shida ndo tutamtafuta kusiko.

Mi nitaanza Sabaki alfajiri na nadhani nitashuka kusini. Ukinikuta nimepigiwa nitatoka nje upande wa kilindi, we endelea na mstari wako, na ukipigiwa wewe mi nitageuka mapema usiwe na wasiwasi. Niandikie unijulishe kama hiyo boti ina redio mbili au moja, na kama yule kijana uliyemchukua nyuma anajua kushika lida, maana kama hajui nna wa kukupa. Salamu kwa mama watoto na kwa mzee.

Ndugu yako