Barua kwa mjomba Tanga: hizo amri za Trump na kazi yangu ya sola

Houston, Machi 2026

Mjomba, shikamoo.

Natumai hamjambo wote hapo Ngamiani. Sauti uliyonitumia nimeipata, na kwa kuwa swali lako halijibiki kwa dakika mbili za simu, nimeona bora nikuandikie. Unasema wazee wa barazani wamekuambia Marekani imepiga marufuku sola, basi nirudi tu nikavue dagaa. Sola haijapigwa marufuku, mjomba. Lakini wazee nao hawakutunga yote.

Siku ileile aliyoapishwa, tarehe 20 Januari 2025, Trump alisaini rundo la amri. Moja ilitangaza dharura ya nishati nchi nzima. Sisi tuliokulia kwenye mgao wa TANESCO, ukitutajia dharura ya umeme tunawaza giza na kelele za jenereta. Huku taa zilikuwa zinawaka kama kawaida, na mwaka uliotangulia walikuwa wamechimba mafuta ghafi zaidi ya mapipa milioni 13 kwa siku, kiasi ambacho hakuna nchi iliyowahi kukifikia. Faida ya kutangaza dharura iko kwenye makaratasi: vibali vya visima, mabomba na migodi, vinavyozoeleka kuchukua miaka, vinapata njia ya mkato.

Halafu amri ile inaorodhesha vitu inavyovihesabu kuwa nishati. Mafuta yamo, gesi imo, makaa ya mawe, urani, joto la ardhini, hata maji ya mto. Jua halimo. Upepo haumo. Niliisoma jioni nimetoka kufunga paneli kwenye paa la mtu, shingo inaniwaka kwa hilohilo jua lisilohesabika. Nilicheka, nikaenda kuoga.

Sasa unauliza kama saini ya mtu mmoja inaweza kugeuza nchi. Inaweza, ila na anayefuata naye ana kalamu. Chukua Mkataba wa Paris wa tabianchi. Trump aliwatoa muhula wa kwanza, Biden akawarudisha siku yake ya kwanza ofisini, Trump akawatoa tena. Safari hii kutoka kwao kumekamilika Januari mwaka huu. Au bomba la Keystone XL la kuleta mafuta kutoka Kanada. Biden alifuta kibali chake Januari 2021, na miezi michache baadaye kampuni ikaachana na mradi. Trump amefuta kile alichofuta Biden, lakini bomba halikufufuka kwa saini hiyo. Wewe unayelitazama bomba la mafuta la Hoima, Uganda, likija Chongoleani hapo Tanga, kilomita 1,443, unajua mwenye fedha hachimbi mtaro kwa ahadi ya miaka minne.

Upepo ndio uliopigwa waziwazi. Alisimamisha kukodisha maeneo mapya ya bahari kwa ajili ya mitambo ya upepo, na Agosti mwaka jana wakasimamisha Revolution Wind, mradi ulioko baharini karibu na Rhode Island, ukiwa umekamilika takriban asilimia 80. Septemba jaji akaruhusu kazi iendelee. Lakini hapa Texas, jimbo la mafuta lililompa kura, ndiko kunakoongoza Marekani nzima kwa umeme wa upepo! Ukienda magharibi ya jimbo, mapanga yanazunguka juu ya mashamba ya pamba mpaka unachoka kutazama. Ardhi kubwa huku ni ya watu binafsi, hivyo mkono wa Washington haufiki kirahisi.

Kilichonigusa mimi si amri, ni sheria. Tarehe 4 Julai 2025 alisaini sheria iliyopitishwa na Bunge lao, na ndani yake ule unafuu wa kodi wa asilimia 30 kwa anayejifungia sola nyumbani ukakatwa mwisho wa Desemba. Basi miezi ya mwisho watu walituandama, kila mmoja anataka afungiwe kabla ya mwaka mpya. Januari simu zikanyamaza. Hapo kazini wamepunguza mafundi. Mimi nimebaki kwa sababu nina leseni ya umeme wa majumbani pia. Rais ajaye hawezi kuurudisha unafuu huo kwa kalamu yake peke yake. Itabidi Bunge likubali, na hapo ndipo ninapoona uzito.

Na hata nyumbani limefika, ingawa barazani sidhani wamelizungumza. Power Africa, mpango wa Marekani wa kuongeza umeme Afrika ambao Obama aliunadi mwaka 2013 alipofika mpaka mitambo ya umeme ya Ubungo, ulikuwa chini ya USAID, shirika lao la misaada. Amri nyingine ya siku ileile ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai USAID yenyewe ilikuwa imefungwa.

Kuhusu Hamisi: mwambie asiache VETA kwa sababu ya maneno haya, na asikimbilie kozi fupi ya sola peke yake. Amalize umeme wa majumbani kwanza. Vifaa alivyoomba nitampa mtu anayekuja baada ya Idi, ila kile kipimo cha umeme aniandikie jina lake kamili, maana picha aliyotuma haisomeki.

Mkaza mjomba mpe pole ya goti.

Mwanao,
Salim